Dira ya Pia

Sellah Auma alikuwa na hasira ya miaka miwili na miezi minne, na hasira yenyewe ilikaa kwenye kadi ya plastiki inayoingia mfukoni. Ikama yake hiyo, kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia. Picha ilikuwa yake, jina walilipinda kidogo lakini lilitambulika, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa. Shida ilikuwa mstari wa kazi. Hapo paliandikwa kwamba mwenye kadi hii ni mlezi wa watoto.

Mlezi wa watoto! Mwanamke aliyekaa miaka sita kwenye karakana ya vyombo vya meli kule Shimanzi, Mombasa, akitia mikono ndani ya mitambo ambayo manahodha wenyewe waliogopa kuigusa! Sisemi kulea watoto ni kazi ndogo. Ni kazi kubwa, na wanaoifanya kwa kupenda wapewe heshima yao. Lakini Sellah hakuipenda, hakuiomba, wala hakuijua. Nepi ya kwanza aliyomvisha Lamar, mtoto aliyekabidhiwa, aliifunga nyuma mbele.

Kosa lilianzia kwenye neno moja la Kijerumani. Mwenye karakana, Mzee Uwe, mtu wa kufoka na kunywa chai bila sukari, alimpa cheti siku alipofunga biashara kurudi kwao. Cheti kizima kilikuwa kwa Kijerumani, kwa sababu Mzee Uwe hakuiamini lugha nyingine yoyote kwa mambo ya maana. Kilisema Sellah ni fundi wa Kreiselkompass.

"Likate katikati," alikuwa akimwambia Sellah kila neno refu lilipomshinda. "Kijerumani kinaunganisha maneno kama mabehewa. Kreisel ni pia, ile inayozunguka. Imetoka kwa Kreis, duara. Kompass ni dira. Umeona? Dira ya pia."

Na ndivyo ilivyo. Dira ya kawaida hutegemea sumaku, na sumaku ndani ya meli ya chuma hudanganyika. Hii nyingine ina gurudumu dogo tumboni linalozunguka kwa kasi, na kwa kule kuzunguka kwake hujitafutia kaskazini yenyewe, polepole, saa kadhaa, mpaka itulie. Ikishatulia haidanganyiki. Sellah alijua kuifungua, kubadilisha maji yake, kusafisha nyaya zake na kuifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja mezani.

Ajenti wa Nairobi akamwahidi karakana ya meli, Jeddah. Siku moja mtafsiri wa ajenti akampigia simu.

"Dada, hili neno la mwanzo hapa, Kreisel, ni nini?"

"Ni pia."

"Pia nini?"

"Pia tu."

"Naelewa ni pia, lakini pia na nini?"

"Pia, bwana! Ile ya watoto!"

"Aaa, ya watoto. Sawa, sawa."

Akakata simu. Ya watoto! Sellah alikuja kuyakumbuka maneno yale mawili akisugua chupa za maziwa, akikunja soksi, akiokota biskuti chini ya makochi. Mtafsiri aliandika kwamba huyu ni mtaalamu wa michezo ya watoto. Karani aliyefuata hakuona kazi ya jina hilo kwenye orodha yake, akachagua iliyokaribiana nayo. Sellah akatia sahihi mkataba wa Kiarabu asioweza kuusoma, akapanda ndege, akateremkia Riyadh, karibu kilomita elfu moja kutoka Jeddah na bahari yake. Pale akakabidhiwa Turki wa miaka mitano na Lamar wa miaka miwili.

Wengi aliwakasirikia: ajenti, mtafsiri, karani. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni yule mjinga aliyesema "ile ya watoto" wakati angeweza kusema mashine.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Suwaidi, ghorofa mbili, na wenyewe hawakuwa watu wabaya. Hilo lilimkera zaidi, maana mtu mbaya unamchukia ukamaliza. Baba Turki, kafili wake, yaani mwajiri aliyeshika vibali vyake, alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa sauti ya chini. Madam alikuwa na maneno mengi lakini chakula hakumnyima mtu. Kila Sellah alipojaribu kueleza habari ya cheti, ilibidi apitie kwa Brayo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Brayo alikuwa dereva wa nyumba, kijana wa Kayole mwenye miaka saba ya Kiarabu mdomoni. Alikuwa mkarimu, mcheshi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alitia sukari. Sellah akisema, "Mwambie nilidanganywa, na kila siku nikiamka nasikia uchungu," Brayo alimgeukia Baba na kusema kitu kifupi chenye tabasamu, naye Baba akajibu kwa kutikisa kichwa kwa upole.

"Umemwambia nini?" Sellah aliuliza siku moja.

"Nimemwambia unashukuru, na uko na karequest kadogo."

"Brayo!"

"Manze Sellah, ukiongea na kafili hivyo tutatolewa wote wawili. Wacha niilainishe kiasi."

Basi ikalainishwa miaka miwili na zaidi, mpaka haikubaki kitu.

Mwaka huu shule zilipokaribia kufungwa, madam alitangaza kwamba wote wataenda Jeddah, kwa dada yake anayekaa mtaa wa Al-Rawdah. Wiki ile ile Noah akapiga simu. Noah alikuwa fundi mwenzake Sellah kule Shimanzi. Sasa alikuwa msimamizi wa karakana ya vyombo vya meli hapo hapo Jeddah, na yeye, huyo mwenye bahati, aliandikiwa kazi yake kama ilivyo.

"Fundi wetu wa dira za gyro ameondoka," Noah alisema. "Nimekutaja kwa bosi. Anataka vitu viwili. Cheti chako chenye tafsiri sahihi, yenye muhuri, maana hii ya michezo ya watoto ataicheka. Halafu tanazuli, kafili wako akubali kukuachilia uje kwetu. Lakini Sellah, mwisho ni Alhamisi ijayo. Kuna Mfilipino anangoja."

Usiku huo Sellah aliamua kwamba safari hii hatamhitaji Brayo wala sukari yake. Atasema mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha jikoni, kifupi na kikavu. Alihitaji maneno matatu tu, na moja kati ya hayo alikuwa nalo tangu utotoni. Dira ni neno la Kiarabu. Nani wa Mombasa asiyejua hilo? Tena Riyadh yenyewe kulikuwa na soko la Dira. Kila gari lilipopita karibu nalo Sellah alikitazama kibao chake chenye herufi za Kiingereza akafarijika kidogo, kwamba hata katikati ya vumbi lote lile kuna watu waliowahi kuiheshimu dira wakaita soko kwa jina lake. Ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kumtamkia neno hilo. Wakitaka kumuuliza habari za kwao, walisema "bilad", nchi.

Asubuhi alipompelekea Baba kahawa, aliweka sinia chini akasimama wima.

"Baba. Halas watoto. Ana abgha dira." Halas, basi watoto. Mimi nataka dira.

Baba aliiweka simu kando. "Dira?"

"Dira, Baba. Lazim."

Baba alimtazama kwa muda. Uso ukamlainika, mkono akauweka kifuani. "Abshiri," akasema. Neno hilo Sellah alilijua: furahi, jambo lako limekwisha.

Alirudi jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia kwa furaha. Miaka miwili ya sukari ya Brayo, na yeye kwa maneno matatu makavu amelimaliza! Siku nne baadaye, wakiwa tayari Jeddah, ujumbe wa Kiarabu uliingia kwenye simu yake kutoka serikalini, wenye jina lake na nambari ya ikama yake. Hakuweza kuusoma. Hakuhitaji kuusoma. Alijua ni tanazuli.

Ilibaki tafsiri. Jumatano, madam alipowatuma kuchukua abaya kwa dobi, Brayo alikata kona mbili za ziada akamshusha mbele ya duka la manukato ambalo ghorofani pake palikuwa na ofisi ya Bi Zeinab, mtafsiri.

"Nusu saa, siste," Brayo alisema. "Madam akipiga simu nitasema kuna foleni. Hapo sitakuwa nimedanganya, Jeddah foleni iko kila saa."

Bi Zeinab alikuwa mwanamke wa Unguja aliyepita miaka sabini, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Ujanani alipelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki. Baadaye akaolewa Jeddah, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa kutafsiri vyeti vya watu. Alisoma cheti cha Mzee Uwe mara moja. Kisha akaishika tafsiri ya Nairobi kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa nywele kwenye mchuzi.

"Nani kakufanyia hii? Mtaalamu wa michezo ya watoto! Maskhara haya."

"Nilimwambia Kreisel ni pia, mama. Ndivyo nilivyofundishwa. Imetoka kwa Kreis, duara."

Bi Zeinab akacheka. "Na aliyekufundisha naye kakosea."

Damu ikampanda Sellah. Mzee Uwe alikuwa na kasoro nyingi, lakini lile neno lilikuwa lake. "Alikuwa Mjerumani, mama."

"Na mimi Mswahili. Kwani najua kila neno la Kiswahili limetoka wapi?" Bi Zeinab aliinuka, akashusha kamusi nene iliyoshonwa upya kwa uzi, akaweka kidole. "Njoo utazame. Zamani hawakusema Kreisel. Walisema Kräusel. Krause ni mtungi, chungu. Kräusel ni kijichungu, kwa vile pia za watoto wa zamani zilikuwa na umbo la kijichungu. Watu wakakiona kinazunguka, wakasema, ah, hiki bila shaka kimetoka kwa Kreis, duara. Wakalipinda neno likafanana na duara. Hamna duara humo, mwanangu. Duara walilitia wenyewe."

"Na hakuna aliyesahihisha?"

"Asahihishe nani? Walikwisha kulizoea."

Bi Zeinab alikuwa akifurahia. Alieleza kwamba Kompass nalo si la Kijerumani, limetoka kwa Wataliani, na asili yake ni kupima mahali kwa hatua, nyayo kwa nyayo. "Kwa hiyo ule mtambo wako wa fahari," akasema, "ukiufuata asili yake ni kijichungu cha kupimia nyayo."

Sellah hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mama, samahani, mimi sioni kichekesho. Neno likipindwa halipati hasara yoyote. Halina mikono ya kusahau kazi. Mimi mtu alinisikia vibaya kwa simu dakika mbili, na aliyefuata hakuuliza, na wa tatu hakuuliza. Sasa watoto wananiita murabbiya, yaani mlezi, majirani wananiita murabbiya, na mimi mwenyewe juzi nimeitika. Nimeitika, mama! Ndiyo hasira yangu."

Bi Zeinab alimtazama juu ya miwani. Akafunga kamusi, akawasha kompyuta, akaanza kuandika. Aliandika taratibu, akisoma kila mstari kwa sauti: fundi, miaka sita, ukarabati wa dira za meli zinazoendeshwa kwa gurudumu la kuzunguka. Akachapisha. Akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika.

Sellah aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Herufi hakuzijua, lakini aliuliza ili alione kwa macho yake. "Dira ni hili neno hapa?"

"Hilo ni busula. Dira kwa Kiarabu cha leo ni busula. Dira letu sisi lilikuwa neno la mabaharia wa kale, hapa hawalitumii hivyo."

"Lakini Baba alinielewa. Nilimwambia abgha dira, akasema abshiri. Na tanazuli imekuja jana."

Kalamu ya Bi Zeinab ikasimama. "Ulimwambia vipi? Neno kwa neno."

"Halas watoto. Ana abgha dira."

"Hebu niione hiyo tanazuli."

Sellah alimpa simu kwa majivuno. Bi Zeinab alibadilisha miwani. Alisoma ule ujumbe, akausoma tena, na sauti yake iliporudi haikuwa na mchezo hata kidogo.

"Mwanangu, hii si tanazuli. Ni huruji nihai. Final exit. Huyu bwana kakufungia kazi, anakurejesha Kenya." Akaweka simu mezani. "Dira kwa watu wa Riyadh ni kwenu. Mji wako, ardhi ya wazee wako. Zamani ilikuwa nchi ambayo kabila linaizunguka na ngamia wake mpaka linarudi pale pale. Lina shina moja na dira yetu, kuzunguka. Hili ndilo lenye duara kweli. Ulimwambia, basi watoto, mimi nataka kwetu. Naye akaona huruma."

Sellah aliichukua simu yake. Alisimama pale, karatasi ya muhuri mkono mmoja, simu mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi ile hakujua amkasirikie nani. Neno lililomponza lilikuwa lake. Alilipata kwa mama yake.

Garini alimpigia Noah. Noah alipiga mluzi mrefu. "Ukiwa na final exit siwezi kukuingiza, Sellah. Mwambie kafili aifute, akupe tanazuli, leo hii. Hivyo kesho tunakuandika." Akaongeza, "Na kama umeshaondoka, bosi anaweza kukuombea viza upya kutoka Kenya, na jina la kazi lililo sawa. Anaweza. Lakini siahidi, usije ukasema nilikuahidi."

"Manze pole," Brayo alisema, macho barabarani. "Tukifika nitaongea na Baba vizuri vizuri."

"Usiongee vizuri vizuri! Ongea nilivyoongea mimi!"

Brayo akashika usukani kwa mikono miwili mpaka Al-Rawdah.

Baba alikuwa sebuleni na madam, watoto kwenye zulia. Turki alikuwa na pia mpya ya chuma aliyonunuliwa dukani, ile ya kufyatua kwa kamba. Sellah hakungoja kukaribishwa. Aliweka ile karatasi mbele ya Baba, juu ya meza ya kahawa, na Baba akaichukua akaisoma midomo ikicheza.

"Busula?" akauliza. Akamtazama Brayo. "Busula za meli? Sellah?"

Brayo alieleza. Safari hii alieleza kwa urefu, na Sellah aliona uso wa Baba ukipita kwenye mshangao, ukaenda kwenye aibu, kisha ukasimama kwenye tabasamu la mtu asiyeamini lakini hataki kukuvunja moyo. Tabasamu lile lilimwasha. Aliinama akachukua pia ya Turki, akaifyatua juu ya sinia ya kahawa. Ikanguruma. Akainua sinia, akaiinamisha kulia. Pia ikasimama wima. Akaiinamisha kushoto, akatembea nayo sebule nzima, akageuka. Sinia ilikwenda huku na huku, pia haikulala.

"Hivi," alimwambia Baba kwa Kiswahili. "Meli inayumba, hii haiyumbi. Kubwa ya hii ndiyo naitengeneza mimi. Hii ndiyo kazi yangu!"

Watoto wakapiga makofi. Lamar akaruka, "Tena! Tena!" Na madam akamshika mumewe mkono, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Umeona? Umeona anavyowajua watoto?"

Naapa kuna hasira zinazomfanya mtu apige kelele, na kuna hii nyingine inayomnyamazisha kabisa. Sellah aliiweka sinia chini polepole. Pia ilizunguka kidogo, ikapepesuka, ikalala kando ya kikombe.

Baba alikohoa. Alisema maneno mengi, na Brayo akayaleta kwa Kiswahili moja moja. Kwamba amesikitika kwa kutoelewana. Kwamba alidhani Sellah amechoka anataka kwao, na yeye hawezi kumzuia mtu kwenda kwa wazee wake. Kwamba final exit ni jambo dogo, anaifuta sasa hivi kwenye simu. Abaki.

"Na tanazuli?" Sellah aliuliza.

Brayo aliuliza. Madam ndiye aliyejibu, upesi, akimvuta Lamar mapajani.

"Tanazuli mafi," Brayo alisema, akitazama chini. "Hakuna. Madam anasema wewe si mtu wa kazi tena, wewe ni wa nyumbani. Anasema watoto wamekuzoea."

Wamekuzoea. Sellah alilisikia neno lile lile la ofisini, la kijichungu kilichopindwa kikaachwa hivyo kwa kuwa watu walishakizoea. Hakuna aliyesema si kweli wewe ni fundi. Hakuna aliyesema cheti ni cha uongo. Walikuwa wamekubali wote kwamba ni kosa, wameliona, wamelisoma lina muhuri, na bado walitaka libaki, kwa kuwa lilikuwa limewafaa.

"Brayo," akasema. "Sasa nisikilize. Mwambie nawapenda watoto wake, na hilo usilizidishe. Mwambie walichozoea ni kosa. Mwambie mimi si murabbiya, sijawahi kuwa, na sitakaa kwenye nyumba ambayo watu wanajua jina langu la kazi halafu wananiita lingine. Na ukitia sukari hata kijiko kimoja nitajua, maana nakutazama mdomoni."

Brayo aligeuka. Alimtazama Baba, ambaye ndiye kafili wake pia, ambaye ndiye aliyeshika ikama yake, ruhusa yake ya kwenda kwao Krismasi, kila kitu chake. Sellah aliliona lile tabasamu lake la kulainisha likianza kujitokeza kwenye kona za midomo.

Halafu likafa. Brayo alisimama wima, mikono nyuma kama anayesimama kizimbani, akasema. Alisema taratibu, bila kucheka, sentensi kwa sentensi, na zilikuwa nyingi kama zile za Sellah. Kwenye neno murabbiya alitikisa kichwa kwa kukataa. Madam akaacha kumbembeleza Lamar. Baba akawa mwekundu mpaka masikioni.

Mwishowe Baba alichukua simu yake kutoka mezani. Hakufoka. Huenda lingekuwa jambo jepesi zaidi kama angefoka. Alifungua ule ukurasa wenye jina la Sellah, kidole akakiweka juu ya mahali pa kuifutia final exit, akauliza mara ya mwisho, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kubadilisha jibu.

"Dira?"

Sellah alikunja ile karatasi yenye muhuri mara mbili, akaitia kifuani. Mombasa hakukuwa na kazi iliyomngoja. Viza ya Noah haikuwa ahadi. Yule Mfilipino kesho ataingia karakanani, ataifungua ile mitambo, na huenda akaifunga na skrubu moja ikabaki mezani.

"Dira," akasema.

Baba akakiondoa kidole chake bila kufuta kitu. Sellah akageuka kwenda kufunga begi, na mlangoni akaongeza kwa Kiswahili, kwa sauti, na Brayo hakumtafsiria mtu.

"Ya pia."